Nahodha wa Mashua ya Betri

Shela, 6 Agosti 2025

Mwanangu Sundus,

Salamu zako zote zimefika, nami nakurudishia pamoja na dua. Sisi ni wazima kwa kiasi cha kusema wazima. Goti langu la kushoto halijabadili tabia, sukari imeshuka kidogo, na babako yuko vile vile ulivyomwona kwenye simu: ameketi kwenye kiti chake cha dirishani, analishwa, anafutwa mdomo. Ukimwuliza ameshiba, "Ee." Ukimwuliza ana njaa, "Ee." Tulikwisha kuacha kumwuliza. Nawe huko Doha joto limepungua? Na kile kikohozi?

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ukisikia sauti yangu tu unalia, nami nabaki kukubembeleza, tunakata kabla neno halijasemwa. Sista Edah, yule nesi wa kutoka Meru niliyempangisha chumba cha juu, ataipiga picha barua hii akutumie.

Neno lenyewe ni hili: nimechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka umepoa. Tangu apooze upande wa kulia ni miezi minane, na kila alfajiri namwinua mimi, namwosha mimi, namgeuza mimi, kisha naenda kufua mashuka ya wageni kwenye ile gesti, narudi, naanza tena. Mwanamke wa miaka sitini na moja anamwinua mtu wa futi sita. Juzi tulianguka pamoja bafuni, tukalala pale chini kama papa wawili sokoni mpaka Edah aliporudi kutoka kazini. Sikulia. Hata nguvu ya kulia sikuwa nayo.

Kwa hivyo nimekubaliana na wifi yangu Radhiya. Anakuja mjini Amu kwa Maulidi, na akirudi kwao Siyu atarudi na babako, akae huko kwa ndugu zake moja kwa moja. Wana wanaume wanne nyumbani wa kumwinua. Najua utakuja juu. Utasema mume hatolewi mlangoni kama kitanda kilichovunjika tendegu. Lakini mwanangu, babako hayumo. Aliondoka siku ile ile ya Desemba, akaniachia mwili niutunze. Daktari wa Mombasa mwenyewe alisema hawezi kujua kichwani mmebaki nini. Mimi najua. Namtazama machoni kila siku, hakuna mtu.

Usinijibu kwa hasira, sina pa kuiweka.

Mamako,
Hindu


Doha, 9 Agosti 2025

Mama yangu,

Shikamoo, na nakubusu mikono yote miwili. Mimi sijambo, kikohozi kimekwisha, joto halijakwisha. Pole kwa goti, pole kwa bafuni. Barua yako nimeisoma chooni kazini, maana ndipo pekee pasipo kamera, na nimeisoma mara tatu.

Sikujibu kwa hasira. Nakuomba jambo moja tu: usimtoe Baba kabla hujamjaribu kwa hiki ninachokuletea. Jirani yetu Swafwan anakuja likizo, atashuka uwanja wa ndege wa Manda Jumapili na boksi refu. Ndani mna mashua ndogo ya tanga, urefu wake kama mkono wangu, inayoongozwa kwa redio ukiwa umekaa nchi kavu. Usicheke. Hapa hotelini kuna fundi wa umeme, Murithi, Mmeru kama Sista Edah. Kila Ijumaa yeye na wenzake hushindanisha mashua kama hizi, watu wazima wenye ndevu, na wanagombana kabisa. Nilikwenda kuwatazama nikamkumbuka Baba mpaka nikaona haya. Mmoja wao alikuwa anarudi kwao, nikainunua ya kwake.

Baba ameongoza mashua miaka arobaini. Alishinda mashindano ya Shela nikiwa tumboni mwako, na ni wewe uliyenisimulia. Kama amebaki popote, Mama, amebaki mkononi. Mpe usukani kwanza, ndipo useme hayumo.

Murithi amenieleza namna ya kuitayarisha. Mlingoti una vipande viwili, vichomeke mpaka vishikane. Chini ya mashua funga ule ubao mwembamba wenye risasi mwishoni. Hiyo ndiyo farumi yake, uzito wa kuizuia isipinduke. Matanga ni mawili, kubwa na dogo. Kamba zake zifunge kwenye mkono mdogo wa plastiki ulio ndani, huo ndio unaozivuta na kuzilegeza. Betri nane kwenye redio, nne kwenye mashua. Kifuniko cha juu kibandike utepe, maji yakiingia basi tena. Na hili usilisahau: unawasha redio kwanza, mashua baadaye. Ukizima, unazima mashua kwanza. Ukikosea itajiendea itakako.

Redio ina vijiti viwili. Murithi amebadilisha nyaya ili usukani uwe kijiti cha kushoto, kwa ajili ya mkono mzima wa Baba. Cha kulia ni cha kamba za tanga, hicho ushike wewe.

Fanya hili, kisha sitakupinga tena.

Mwanao,
Sundus


Shela, 18 Agosti 2025

Sundus mwanangu,

Natumai umo katika afya na kazi haijakuzidi. Sisi tupo, tunasukuma siku. Boksi limefika. Swafwan alipolibeba kichwani toka gatini watu walimwuliza ni nani aliyeagiza jeneza la paka.

Kwanza niseme la moyoni. Nilipolifungua nilikasirika. Nilisema, "Nimehitaji mtu, nimeletewa mchezo." Ni kweli sikukwambia njoo. Lakini mwana akisikia mamake ameanguka bafuni hutuma betri? Haya, nimelisema, limetoka.

Jumamosi Edah hakuwa na zamu, tukaketi sakafuni na barua yako. Mlingoti ulichomeka. Ile risasi tuliifunga nyuma mbele, tukaifungua, na skrubu moja ikakimbilia chini ya kabati, mimi na goti langu tukaifuata. Zile kamba nilizivuta mpaka tanga likakaza kama shuka la mgeni. Nikizivuta hivyo, babako alinyosha mkono wa kushoto akanikamata kiganja, kwa nguvu. Nikamwuliza, "Choo?" Akasema, "Ee." Nikaacha kila kitu, nikamwinua, nikampeleka, hakuwa na choo. Tuliporudi nikaendelea kukaza. Yeye akageuza uso dirishani.

Tuliijaribu kwenye karai la kufulia, haikuingia maji. Usukani ulipocheza huku na huku Edah alifurahi utadhani kajifungua yeye. Maji yalipojaa na kutulia tukaenda na mashua mbele ya gesti. Mimi sijashika usukani wa chombo maishani, na Edah ni mtu wa milimani, lakini tuliipeleka tukairudisha. Ililala sana upande mmoja na kusitasita, ila ilitii: ukisukuma kijiti kulia inakwenda kulia, ukisukuma kushoto inakwenda kushoto. Hakuna elimu hapo.

Kesho tutamshusha babako na kiti chake. Nitakwambia.

Mamako,
Hindu


Shela, 21 Agosti 2025

Mwanangu,

Salamu kwanza. Mengine si marefu.

Tulimshusha juzi. Habari ilikuwa imeenea kuwa Nahodha Abdulwahid anarudi majini, na wale waliowahi kusafiri naye walitoka barazani wakatubebea kiti mpaka ufukoni. Nilimwekea redio mapajani. Kidole gumba chake kikatulia juu ya kijiti bila kutetemeka, nami nikasema moyoni, huenda Sundus alijua.

Ikaenda sawa hatua kumi. Mbele palikuwa na boti ya injini iliyotia nanga, ikabidi igeuke. Akaigeuzia pale pale penye boti. Ikagonga. Niliingia majini mpaka kiunoni na buibui langu nikaileta. Mara ya pili aliipeleka kwenye ukuta wa pwani. Mara ya tatu ukutani tena, na kadiri ilivyokaribia ndivyo alivyozidi kusukuma kijiti. Nikamwambia, "Kushoto, Bwana Abdulwahid, kushoto." Akasema, "Ee," ikaenda kulia.

Wale wanaume hawakucheka. Afadhali wangecheka. Walitazama miguu yao, na mmoja akasema, "Mrudisheni ndani, yua kali." Jua lenyewe lilikuwa nyuma ya mawingu. Dawud, aliyekuwa baharia wake miaka kumi na minane, aliniambia mlangoni kwa sauti ya chini, "Bi Hindu, yule si yeye. Nahodha hakugonga hata boya."

Tangu siku hiyo hataki kula. Na mimi, Sundus, sina zaidi ya hapa. Mfuko wake nimeufunga, vikoi viwili, kanzu na dawa, uko mlangoni. Radhiya nimempigia. Ulisema hutanipinga.

Mamako,
Hindu


Doha, 4 Septemba 2025

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia, na naomba radhi kwa wiki mbili za kimya. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimeshindwa, na nimeahidi nisikupinge, nikaona kunyamaza ndiyo njia ya kutimiza ahadi. Baba anakula sasa? Sista Edah ameniandikia kuwa anakunywa uji. Nimeshukuru kwa uji.

Leo Murithi ameniuliza mzee anaendeleaje na mashua. Nikamweleza yote, na ukuta, na boti. Akaweka bisibisi chini. Akauliza, "Huyo mzee aliongoza kwa gurudumu au kwa kana?" Nikamwambia kwa kana, ule mti wa usukani ambao manahodha wetu wote wa mashua huushika mkononi. Murithi akafunika uso. Akasema, "Ni makosa yangu. Sikufikiria kuuliza."

Mama, soma hapa taratibu. Mwenye kana akitaka mashua iende kushoto, anausukuma ule mti kulia. Mti ukienda huku, chombo kinakwenda kule. Baba amefanya hivyo miaka arobaini bila kufikiri, kama wewe unavyosuka ukili huku unazungumza. Lakini redio yetu imewekwa kwa watu wa magari, kulia ni kulia. Wewe na Sista Edah mliweza kwa sababu hamkuwa na mkono wa zamani wa kuwapinga. Baba aliiona boti mbele yake, na mkono wake ukafanya kile mkono wa nahodha unachofanya. Alikuwa anaikwepa. Mara zote tatu alikuwa anakwepa, na chombo kilipokataa kumtii ndipo akazidi kusukuma, kama yeyote angefanya.

Na zile kamba. Murithi anasema tanga likikazwa vile mashua hulala na kusita, ndiyo uliyoyaona. Nadhani Baba hakutaka choo siku ile. Alikuwa anakuzuia.

Chini ya redio mna vidude vinne vidogo vilivyojipanga. Kwa ncha ya sindano kisukume cha nne upande wa pili. Ni hilo tu, na usukani utamtii kama kana. Kisha zilegeze kamba mpaka tanga litune kidogo.

Kuhusu Siyu nimekaa kwenye ahadi yangu. Nakuomba umshushe mara moja tena.

Mwanao,
Sundus


Shela, 7 Septemba 2025

Sundus,

Amani iwe nawe, mwanangu. Nimeanza barua hii mara mbili na kuichana.

Tulikwenda jana baada ya sala ya alfajiri, maji yamejaa na baraza tupu. Tulikuwa mimi, Edah, na Dawud kwa ajili ya kiti. Kidude nilikwisha kukisukuma kwa sindano ya cherehani. Nikaketi kuliani kwa babako, nikashika kijiti changu, mashua ikaondoka. Ikafika kwenye boti ile ile ya injini, nami nikafumba macho. Nilipofumbua ilikuwa imeshaizunguka.

Kisha akanigonga begani kwa kichwa, kama mbuzi. Nikasema, "Choo?" Akanigonga tena, akatazama majini upande wa Manda. Nikaona maji yamekunjana, upepo unakuja. Nikalegeza tanga. Upepo ukafika, mashua ikainama kidogo ikapita. Akanigonga polepole, nikakaza. Sundus, alikuwa ananiamrisha. Miaka thelathini na minne ya ndoa sijapanda chombo chake siku ya mashindano, na jana nikawa baharia wake, tena baharia mzito. Aliipitisha kati ya boti mbili, uwazi wa upana wa mlango wa jikoni, akaileta mpaka miguuni pa Dawud. Dawud akakaa mchangani akalia. "Ni yeye," akasema. "Wallahi ni yeye."

Nilifurahi mpaka tulipofika nyumbani. Nikamketisha, nikaenda kuteleka chai, na hapo jikoni ndipo lilipoingia. Kama yumo leo, alikuwemo jana. Alikuwemo miezi tisa yote.

Wewe wanijua, siandiki kimya. Kila neno hulitamka kwanza ndipo kalamu ilifuate, ndivyo nilivyofundishwa katika chuo cha Kurani. Na hukaa wapi nikiandika? Ubavuni kwake, kwenye mwanga wa dirisha. "Babako hayumo." Nililitamka mbele yake. "Namtazama machoni, hakuna mtu." Naye ananitazama. Na kuna ambalo sikukuandikia. Siku moja nikimvisha shati nilimwambia Edah kwamba Mungu angemchukua tu angetupumzisha sote. Nilisema huku namfunga vifungo.

Nilirudi nikapiga magoti mbele ya kiti. Nikamwuliza, "Ulikuwa wasikia?" Akasema, "Ee." Lakini hiyo ee ndiyo anayoijibia kila kitu. Hata jibu la kunihukumu sikulipata.

Hii ya leo naandikia jikoni, na nimebana midomo. Maulidi ya Amu yamebaki siku kumi. Naona haya kumwangalia mume wangu, na bado nimechoka, hilo nalo halijaondoka. Niambie nifanye nini.

Mamako,
Hindu


Doha, 8 Septemba 2025

Mama,

Shikamoo. Sijalala, lakini sijambo.

Hukujua. Daktari hakujua, Dawud aliyekula naye chungu kimoja hakujua. Na mimi je? Miezi tisa napiga simu, nakuuliza wewe "Baba yuaendeleaje?" naye amekaa hapo hapo. Hata siku moja sikusema "Shikamoo, Baba." Kwa hivyo haya hiyo tugawane.

Mwambie Shangazi Radhiya aje Maulidi, ale, arudi peke yake. Na ulisema kweli kuhusu betri. Mkataba wangu unaisha Novemba, nimeshawaambia siuongezi. Najua Novemba ni mbali kwa mtu mwenye goti. Jikaze kidogo, nakuja mimi mwenyewe.

Mwanao,
Sundus


Shela, 24 Septemba 2025

Mwanangu Sundus,

Salamu nyingi, na usishtuke kwa ukimya wangu. Mimi ni mzima, na leo ni mzima kweli.

Radhiya alikuja. Mfuko nilikuwa nimeufungua, nguo nimezirudisha kabatini. Nikamkaribisha, nikampa kahawa, nikamwambia mbele ya babako, maana sasa habari zake hazisemwi nyuma yake: "Wifi, nimeghairi. Bwana Abdulwahid haondoki. Nilisema maneno naye akiyasikia, na radhi nimemwomba." Radhiya akasema, "Mimi sikuya kumvuta mtu. Akitaka akae. Akitaka kwenda, ndia ni hii, na boti i gatini."

Babako akageuza uso toka dirishani. Kisha akaninyoshea kidole mimi, halafu akakielekeza kitandani. Nikamwuliza, "Wataka kulala?" Hakusema ee. Kwa mara ya kwanza tangu Desemba alikataa. Akatikisa kichwa, akanionyesha mimi tena, akaonyesha kitanda, kisha akajigusa kifua na kuonyesha nje, gatini, kwenye boti ya dadake. Radhiya ndiye aliyeelewa kwanza. Akasema, "Akwambia ulale wewe. Yeye aenda."

Nikasema haendi. Nikamshika miguu, nikamwambia kama ni kwa yale niliyoyasema basi anitukane kwa njia yoyote aliyo nayo. Akaniwekea mkono kichwani, ule mzima, akauacha hapo. Ulikuwa mkono wa radhi, Sundus, si wa hasira, naujua mkono wa mume wangu. Alikuwa ameyasikia yote miezi tisa, na katika yote hayo lililomkaa ni kwamba nimechoka.

Walimbeba siku ya pili baada ya Maulidi. Mashua aliichukua mwenyewe, mapajani, hakutaka mtu aiguse.

Nililala siku mbili. Edah alikuwa akiniletea uji na kuuondoa baridi. Siku ya tatu niliamka alfajiri, mikono ikaanza kutafuta mtu wa kumwinua, nikakaa ukingoni mwa kitanda nikalia mpaka jua likatoka. Nilikuwa sijalia tangu alipougua. Nilidhani machozi yamekwisha, kumbe yalikosa nafasi tu.

Radhiya alipiga simu jana. Anasema huko wanaume wanne wote wamejaribu kumshikia tanga, na wote amewagonga kwa kichwa mpaka wamesusa. Kila mmoja anajidai anajua upepo. Niliposikia hivyo nilifungua kabati nikatoa mfuko mwingine.

Nakwenda Siyu Jumamosi. Siendi kumrudisha. Nakwenda kukaa naye, wale wanne wamwinue, mimi nikae kuliani kwake. Gesti nimewaambia watafute mfuaji. Edah ataitazama nyumba. Ukishuka Manda Novemba usije Shela, panda boti ya Siyu moja kwa moja, wala usilete kitu.

Na ukiandika tena kabla ya kuja, mwandikie yeye. Weka jina lake juu, mwamkie kama mwana anavyomwamkia babake, umwambie habari za hao wenye ndevu na mashindano yao. Mimi nitamsomea.

Mamako,
Hindu